Thrall, Jina la Mtumwa wa Kiingereza

Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na hakuna neno lililonishughulisha kama thrall, yaani mtumwa. Waingereza wa kale walikuwa na lao, theow. Thrall lililetwa na Waskandinavia waliovuka bahari kuvamia, kisha wakalowea kaskazini. Karne ya 10 padri Aldred aliliandika juu ya Kilatini cha Injili za Lindisfarne, kama tafsiri. Ndiyo, ndani ya Injili!

Ila utumwa wenyewe hawakuuleta wageni. Kitabu cha Domesday, ambamo mfalme William aliorodhesha mali ya nchi mwaka 1086, kina watumwa wapatao 28,000, karibu mmoja katika kila watu kumi walioandikwa. Wengi walishika plau katika mashamba ya mabwana. Bristol, vijana walifungwa kamba pamoja wakapelekwa kuuzwa Ireland, mpaka askofu Wulfstan wa Worcester alipowaandama wachuuzi kwa mahubiri. Mwaka 1102 baraza la kanisa likakataza kuuza watu kama wanyama. Utumwa ukafifia, lakini aliyebaki ni mkulima asiyeruhusiwa kuhama shamba la bwana. Ukombozi gani huo?

Siku hizi Mwingereza hulitumia neno thrall hata akitekwa na muziki mtamu. Huniudhi kidogo.