Kutoka Meza ya Katikati hadi Kisiwa cha Jiko: Historia ya Upangaji wa Jiko kwa Ufanisi, 1869–1960

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha jiko ni meza ya kazi iliyojengwa katikati ya chumba cha kupikia bila kuegemea ukuta wowote. Aghalabu hubeba sinki, jiko la kupikia au sehemu ya kuandalia chakula. Katika miongozo ya usanifu wa nyumba, kisiwa hiki huelezwa kama tunda la usasa, na faida yake hupimwa kwa hatua ambazo mpishi anaziokoa. Maelezo hayo yanaacha kando mambo mawili ya kihistoria. Kwanza, majiko makubwa ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19 tayari yalikuwa na meza katikati. Pili, ni elimu hiyohiyo ya kuhesabu hatua iliyoiondoa meza hiyo. Kwa hiyo, swali linalohitaji jibu ni kwa nini meza iliyoondolewa kwa jina la ufanisi ilirudi kwa jina hilohilo.

Insha hii inatetea hoja kwamba kilichobadilika ni idadi na hadhi ya watu waliodhaniwa kuwamo jikoni. Kanuni za ufanisi zilikokotolewa kwa kumchukulia mpishi kuwa mtu mmoja, mwanamke, afanyaye kazi peke yake. Kisiwa kilirejea pale dhana hiyo ilipoanza kulegea. Suala hili lina uzito kwa kuwa vipimo vilivyozaliwa na dhana hiyo vingali vinatumika kuchora ramani za nyumba, Afrika Mashariki ikiwamo.

2.0 Meza ya Watumishi na Pendekezo la Beecher

Katika nyumba za wenye mali nchini Uingereza na Marekani, jiko la karne ya 19 lilikuwa chumba kikubwa. Tanuri la chuma lilikaa upande mmoja, vyombo vilioshwa katika chumba cha pembeni, chakula kikavu kilihifadhiwa stoo, na meza nzito ya mbao ilisimama katikati. Watumishi kadhaa waliweza kuizunguka kwa wakati mmoja, huyu akikanda unga na yule akichambua mboga. Umbali kati ya tanuri, maji na stoo haukumsumbua mwenye nyumba, kwa sababu miguu iliyotembea haikuwa yake.

Catharine Beecher alianza na nyumba ya aina nyingine. Katika kitabu The American Woman's Home cha mwaka 1869, alichokiandika pamoja na ndugu yake Harriet Beecher Stowe, alimfikiria mama wa nyumba asiye na mtumishi. Mfano wake ulikuwa jiko la meli, ambamo mpishi hufikia karibu kila kifaa kwa hatua moja au mbili. Beecher alipanga sinki, ubao wa kuandalia na mapipa ya unga katika mstari mmoja chini ya dirisha, na akalitenga tanuri kwa milango ya kusukuma ili joto lisienee. Kazi iliyokuwa imetawanyika kuzunguka meza ilihamia ukutani. Huu ndio mwanzo wa kaunta ndefu iliyoungana, na pia mwanzo wa kuondoka kwa meza ya katikati.

3.0 Kiwanda Chaingia Jikoni

Mwaka 1911 Frederick Winslow Taylor alichapisha kitabu chake kuhusu kanuni za uendeshaji wa kisayansi wa viwanda. Mwaka uliofuata, Christine Frederick alianza kuzihamishia kanuni hizo nyumbani kupitia makala zake katika jarida la Ladies' Home Journal, na mwaka 1913 makala hizo zikawa kitabu. Michoro yake ililinganisha majiko mawili yenye vifaa vilevile. Katika la kwanza, mistari ya mwendo wa mpishi ilipishana huku na huku. Katika la pili, vifaa vilipangwa kufuata mfuatano wa kazi, yaani kuandaa, kupika, kuandikia chakula, kuosha na kuhifadhi, hivyo mistari haikukatana. Mchango wa Frederick ulikuwa kuonesha kwamba mpangilio hutokana na mfuatano wa shughuli. Ukubwa wa chumba si kigezo cha kwanza.

Lillian Gilbreth, mhandisi na mwanasaikolojia aliyebaki mjane mwaka 1924 akiwa na watoto wengi wa kulea, aliuendeleza uchunguzi huo kwa vipimo. Jiko lake lililotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya gesi ya Brooklyn mwaka 1929 liliweka tanuri, meza na jokofu karibu karibu, na kimo cha kaunta kikafuata kimo cha mtumiaji. Katika jaribio moja la kuoka keki ya stroberi, mpangilio wa aina hiyo ulipunguza hatua kutoka 281 hadi 45. Jambo linalogusa zaidi mada hii ni kwamba Gilbreth alikuwa na kigari cha magurudumu kilichoongeza nafasi ya kazi na kubeba vyombo. Kigari hicho kinadhihirisha kuwa hata baada ya kazi kuhamia ukutani, haja ya uso wa kazi ulio nyuma au kando ya mpishi haikwisha. Kwa maana hiyo, kinaweza kuchukuliwa kuwa kisiwa kinachotembea.

4.0 Jiko la Frankfurt na Upweke wa Mpishi

Kitabu cha Frederick kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miongoni mwa waliokisoma alikuwa msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926, akifanya kazi chini ya Ernst May katika mradi wa nyumba za umma wa jiji la Frankfurt, alibuni jiko lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Nakala zipatazo 10,000 zilijengwa. Ndani yake mlikuwa na stuli inayozunguka, droo za alumini kwa vyakula vikavu na ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani. Mpishi aliweza kufikia pande zote mbili kwa kugeuka tu.

Jiko hilo lilikuwa ushindi wa kweli kwa familia za wafanyakazi zilizotoka katika vyumba vya msongamano na moshi. Hata hivyo, upana wake uliamua pia nani angeweza kuingia. Watu wawili hawakuweza kufanya kazi humo kwa nafasi, na meza ya familia ilibaki upande wa pili wa mlango. Kuanzia miaka ya 1970, wahakiki wa mrengo wa ufeministi walidai kwamba jiko hilo lilimfungia mwanamke katika upweke. Tuhuma hiyo inahitaji kupunguzwa makali, kwani Schütte-Lihotzky alikusudia kufupisha kazi ili mwanamke apate muda wa ajira na mapumziko. Dosari imo katika kipimo kilichotumika. Hatua zilihesabiwa kwa makini, lakini idadi ya wapishi ilichukuliwa kuwa moja kabla ya hesabu kuanza.

5.0 Pembetatu ya Kazi na Kurejea kwa Meza

Miaka ya 1940, watafiti wa makazi katika Chuo Kikuu cha Illinois waliufupisha urithi huu kuwa kanuni ya pembetatu ya kazi, inayounganisha sinki, jiko la kupikia na jokofu. Kwa vipimo vinavyotumika hadi sasa, kila upande huwa kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande zote haizidi mita 7.9. Kanuni hii ni nyepesi kufundishwa, na kwa mpishi mmoja inafanya kazi vizuri.

Wakati huohuo, kuta zilianza kuondolewa. Katika nyumba ya Willey iliyojengwa Minneapolis mwaka 1934, Frank Lloyd Wright alitenganisha jiko na sebule kwa rafu na kioo, na chumba hicho akakiita mahali pa kazi. Watumishi wa ndani walikuwa wamepungua katika nyumba za tabaka la kati la Marekani. Aliyepika sasa alikuwa mwenye nyumba, na hakutaka kuwapa kisogo wageni na watoto wake. Ukuta ulipoondoka, ukuta wa kuegemeza kaunta uliondoka nao, na uso wa kazi ukabaki umesimama katikati ya sakafu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kikazidi kuenea.

Kurejea huku kulizua mgongano na pembetatu. Kisiwa kilichowekwa vibaya hukata njia kati ya sinki na jokofu na kurudisha hatua zilezile alizozifuta Beecher. Ndiyo maana miongozo ya Marekani inaelekeza kwamba kisiwa kisiingie katika upande wowote wa pembetatu kwa zaidi ya sentimita 30. Miongozo hiyohiyo inataka njia ya sentimita 107 kwa mpishi mmoja na sentimita 122 kwa wapishi zaidi ya mmoja. Tofauti hii ya sentimita 15 ni ndogo machoni, lakini kihistoria ni kubwa, kwa kuwa inakiri kimaandishi kwamba mtu wa pili yumo jikoni.

Kukiri huko hakukumaanisha kwamba kazi iligawanywa. Utafiti wa Joann Vanek uliochapishwa mwaka 1974 ulionesha kuwa saa za kazi za mama wa nyumba wa Marekani wasio na ajira hazikupungua kati ya miaka ya 1920 na 1960, licha ya majiko bora na mashine. Ruth Schwartz Cowan, mwaka 1983, alieleza kwamba viwango vya usafi na mapishi vilipanda, na kazi za wanaume, watoto na watumishi zikamwangukia mama. Mpangilio uliokoa hatua, lakini haukuokoa muda.

6.0 Mwangwi wa Afrika Mashariki

Historia hii inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Ernst May, msimamizi wa mradi wa Frankfurt, alihamia Tanganyika mwaka 1934, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Alihusika na mpango wa upanuzi wa Kampala na jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi. Mazingira aliyoyakuta yalikuwa kinyume cha Frankfurt. Katika makazi ya wakoloni, jiko mara nyingi lilikuwa banda lililotengwa na nyumba, na hatua za mpishi aliyebeba sahani kuvuka ua hazikuhesabiwa na mtu. Pale kazi ilipokuwa rahisi kununuliwa, ufanisi haukutafutwa.

Katika nyumba za Waswahili, kazi ya jikoni imefanyika uani kwa karne nyingi, na Lamu hata juu ya nyumba za mawe. Wanawake hukaa pamoja, huyu akikuna nazi juu ya mbuzi na yule akipepeta mchele. Kazi hizo hufanywa kwa kuketi chini, na wapishi ni wengi tangu mwanzo. Kaunta ya kusimamia na pembetatu ya mtu mmoja hazielezi mfumo huo. Ramani ya leo yenye kisiwa cha kupendeza ndani, huku maharage yakichemka kwa mkaa nje ya mlango wa nyuma, hupima pembetatu moja na kuacha safari ndefu zaidi bila kipimo.

7.0 Hitimisho

Meza ya katikati iliondoka mpishi alipodhaniwa kuwa mmoja, ikarudi alipoonekana kuwa na wenzake. Kutokana na hilo, upangaji wa jiko lenye kisiwa hauna budi kuanza kwa kuorodhesha watu, kazi na mahali kazi hizo zinapofanyika kweli, ua ukiwamo, kabla ya kupima pande za pembetatu. Kwa watafiti wa makazi ya Afrika Mashariki, pengo lililo wazi ni vipimo vya kazi ya kuketi na ya wapishi wengi. Bila vipimo hivyo, ramani zitaendelea kukopa hesabu za jiko la mtu mmoja na kuzijenga katika nyumba za watu wengi.