Bei ya serikali hotelini: punguzo ni la nani?

1/ Wadau, kila msimu wa bajeti mjadala wa safari na hoteli hurudi. Huku kwetu, kuanzia Kitui mpaka Wote, watu hubishana mpaka chai inapoa. Mmoja anasema watumishi wa umma wanamaliza pesa zetu hotelini. Mwingine anajibu: si hoteli zenyewe huwapa punguzo, hasara iko wapi? Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka turudi nyuma tuone hii "bei ya serikali" imetoka wapi.

2/ Nianze na langu. Nilipomaliza shule nilikaa mapokezi kwenye gesti ya shangazi yangu mjini Kitui. Daftari lilikuwa na bei mbili: ya watu wote, na ya watumishi wa serikali, ambayo ilikuwa chini. Shangazi alisema hao huja hata kiangazi, wakati wafanyabiashara hawaonekani. Asubuhi moja mgeni aliyelala kwa bei ya chini akaniomba risiti ya bei ya juu, maana ofisi yao ingemrudishia kulingana na risiti. Nikaandika. Hakuna aliyeniuliza kitu.

3/ Sasa historia. Zamani msafiri huku alilala kwa mwenyeji, na malipo yalikuwa urafiki na biashara. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alifika Kitui akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu. Ni akiwa Kitui ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi alimpokea kwa mali yake mwenyewe, na alikuwa na hesabu zake za kibiashara. Hakumpelekea jirani bili.

4/ Ukoloni ukabadilisha hilo. Ofisa akitembelea vijiji, alihitaji kambi, kuni, maji na wapagazi. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 iliwapa machifu nguvu ya kuwaita watu kwenye kazi za lazima. Marekebisho ya 1920 yakaruhusu serikali kumchukua mtu hadi siku 60 kwa mwaka, ikiwemo kubeba mizigo ya maofisa walio safarini, kwa ujira ambao yeye hakuupanga. Kwa hivyo safari ya serikali ilikuwa nafuu kweli, lakini nafuu hiyo ilibebwa kichwani na mwananchi.

5/ Reli nayo ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Kabla treni hazijawa na mabehewa ya kulia, abiria walishuka kula kwenye nyumba za wasafiri zilizoitwa "dak bungalow", jina lililotoka India. Moja ilikuwa Voi, nyingine Makindu, ambayo leo iko Kaunti ya Makueni.

6/ Baada ya uhuru, jambo moja lilibadilisha mchezo. Tume ya Ndegwa, iliyotoa ripoti 1971, ilikubali watumishi wa umma wafanye biashara zao binafsi. Hapo mtu akaweza kuwa ofisini asubuhi na kuwa mwenye hoteli jioni. Ukipanga semina ya idara yako na hoteli ni yako, hilo punguzo unampa nani? Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003 ilikuja kukataza mgongano wa maslahi wa namna hiyo.

7/ Katiba ya 2010 ikaleta Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), na serikali za kaunti zikaanza 2013. Marupurupu ya kulala nje hupangwa kwa cheo na kwa mji unaoenda. Kifungu 227 nacho kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wenye ushindani na usiopoteza pesa.

8/ Shida iko hapa. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amepewa 10,000 za usiku mmoja. Chumba ni 6,000. Anaonyesha kadi ya kazi, anakipata kwa 4,000. Zile 2,000 zimeenda wapi? Si kwa mlipa ushuru, yeye ameshatoa 10,000 zake. Si kwa mwenye gesti, yeye ndiye amepunguza. Zimebaki mfukoni mwa msafiri, na kanuni hazijavunjwa. Hoteli imepunguzia serikali, aliyepokea ni mtu binafsi.

9/ Marekani hufanya tofauti. Shirika linaloitwa GSA hupanga kiwango cha juu cha malazi kwa kila eneo, hoteli nyingi hushusha bei zifike hapo, na mtumishi hurudishiwa alicholipa, si zaidi ya kiwango. Lakini msidhani risiti inamaliza kazi. Mimi niliandika risiti ya uongo kwa kalamu ya kawaida tu.

10/ Afadhali ofisi yenyewe ikubaliane bei na hoteli, imlipe mwenye hoteli moja kwa moja, na punguzo lionekane kwenye hesabu. Lakini mgala muue na haki umpe: gesti ndogo zinaogopa mpango huo kwa sababu ofisi za umma hukaa na bili bila kulipa. Msafiri hutoa pesa taslimu usiku huo huo. Bila kulipa kwa wakati, hakuna mwenye gesti atakayekubali.

11/ Na si kila anayelala hotelini ni mwizi. Afisa wa mifugo anayetumwa Mutomo au Kibwezi hawezi kulala kwenye gari. Swali si kama alale, ni nani apate nafuu ya bei.

12/ Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Msafiri hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini wala kazi. Ukitaka kutoa sadaka, unatoa chako. Hapo najua nani amenipa.

13/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani, huku Kitui au Makueni, akasema amepunguza gharama za safari, muulizeni: lile punguzo la hoteli linaingia kwenye kitabu gani? Ripoti za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi, someni ukurasa wa usafiri wa kaunti yenu. Mimi deni langu ni ile risiti. Shangazi alipoijua hakunigombeza sana. Alifuta ile bei ya pili kwenye daftari, akaandika moja ya watu wote.