Pikipiki ya zamani: esansi gani inaifaa, na oktani ni kitu gani?

Mashariki mwa Congo, pikipiki ndiyo inapeleka mgonjwa hospitali, ndizi sokoni na mwalimu shuleni. Nyingi kati yazo ni za zamani: Yamaha AG100 na DT125 za 2T, Honda CG125 ya 4T, na zingine zenye karburateri. Moteri ikianza kugonga kwenye mlima, wamotari wengi wanasema esansi haina nguvu, na wanatafuta ile ya bei kali. Lakini mara nyingi shida haitoki kwa oktani ya pompi. Inatoka kwa esansi iliyochanganywa, kwa mafuta ya moteri, ao kwa moteri yenyewe.

Oktani inapima nini?

Oktani si kipimo cha nguvu ya esansi. Inaonyesha namna esansi inavumilia kukandamizwa ndani ya silindri bila kuwaka yenyewe. Kama haivumilii, sehemu moja inalipuka mbele moto wa bujii haujaifikia. Hapo ndipo mutu anasikia sauti kama misumari ndani ya mukebe. Ikiendelea siku nyingi, pistoni inatoboka ao segma zinavunjika.

Kipimo kinafanywa kwa kulinganisha. Isooktani imepewa 100, heptani imepewa 0. Esansi ya oktani 91 inavumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za isooktani na 9 za heptani.

Moteri inayokandamiza sana ndiyo inaomba oktani ya juu. Pikipiki nyingi za zamani hazikandamizi sana: karibu 7 mpaka 9,5 kwa 1. Kwa hiyo esansi ya kawaida ya oktani 91 ao zaidi inazitosha. Kuweka 95 haiharibu kitu, lakini haiongeze mwendo. Ni pesa ya bure.

Jambo moja la kuangalia kwenye kitabu cha pikipiki: namba ya RON na namba ya Marekani si sawa. 87 iliyoandikwa kwa hesabu ya Marekani inakaribia 91 ya RON.

Milima nayo ina neno lake

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Ziwa Tanganyika, kule Uvira na Kalemie, liko karibu mita 770. Kadiri mutu anapanda, hewa inapunguka, na moteri ya karburateri inapoteza karibu sehemu moja ya nguvu kwa 10 kila mita 1 000. Esansi ya bei kali haiwezi kurudisha hewa hiyo. Tena, kwenye milima moteri inaomba oktani kidogo kuliko chini. Kama bomba linatoa moshi mweusi na bujii inajaa masizi, fundi aangalie filtre ya hewa na jikleri ya karburateri.

Na ile risasi ya zamani?

Zamani esansi ilikuwa inatiwa risasi ili kupandisha oktani. Risasi hiyo ilikuwa pia inakinga viti vya supapu, lakini ni sumu, zaidi sana kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliahidi huko Dakar mwaka wa 2001 kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 ikaisha kwenye pompi. Mwenye pikipiki ya 2T asiwe na wasiwasi juu ya hiyo, maana moteri yake haina supapu kama za 4T. Mwenye 4T ya zamani sana apimishe nafasi ya supapu kila mara. Ikiwa inafunga haraka haraka, viti vinakulika.

2T: mafuta ya moteri ni uhai

Moteri ya 2T inalainishwa na mafuta yanayoingia pamoja na esansi. Yakikosa, pistoni inashika, hata kama esansi ni ya 95. Kipimo kinatoka kwa kitabu cha pikipiki. Kwa 1 kwa 50, ni mililita 20 kwa litre moja, ndiyo kusema mililita 100 kwa bido ya litre 5. Kwa 1 kwa 25, ni mara mbili ya hiyo. Pikipiki yenye tanki yake ya mafuta pembeni, kama AG100, inajichanganyia yenyewe. Hapo kazi ni kuhakikisha tanki ile haikauke. Utumie mafuta ya 2T. Yale ya 4T yanaacha makaa mengi ndani.

Esansi ya kando ya barabara

Kadafi anasaidia pale pompi haiko. Lakini petroli ya taa ikichanganywa na esansi, oktani inaanguka sana, na moteri iliyokuwa nzima inaanza kugonga. Kuna njia mbili rahisi za kuangalia:

- Tonya matone machache kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Esansi safi inakauka haraka. Petroli ya taa inachelewa na kuacha alama ya mafuta.
- Weka kidogo ndani ya chupa inayoonyesha, ngoja dakika chache. Maji na uchafu vinashuka chini.

Usivute esansi kwa kinywa: ikiingia ndani ya mapafu inaweza kuua. Na usiweke bido ndani ya chumba cha kulala ao karibu na mbabula. Esansi iliyokaa miezi mingi inapoteza sehemu zake nyepesi, na pikipiki inakataa kuwaka asubuhi.

Ikigonga, anza wapi?

1. Punguza vitesi kwenye mlima, na punguza mzigo.
2. Toa esansi yenye mashaka, weka ya pompi unayoiamini.
3. Angalia kama bujii ni ile inayoandikwa kwenye kitabu.
4. Fundi asafishe makaa kichwani mwa silindri, maana yanazidisha mgandamizo.
5. Apime wakati wa moto wa bujii: ukija mapema sana, moteri inagonga.
6. Aangalie kama hewa haiingie pembeni ya karburateri.

Kama hayo yote yamefanyika na bado inagonga, hapo ndipo kuongeza oktani kunaweza kusaidia. Kwa motari anayelisha familia kwa pikipiki moja, kununua esansi safi na kupima mafuta sawasawa ni bei ndogo kuliko pistoni mpya na siku za kukaa bila kazi.