Habari za Tiba ya Fistula, na za Wale Walioketi Mlangoni

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta hesabu ya makanisa, ya shule, ya mapadre na ya watu waliobatizwa, na ni haki hesabu hiyo iandikwe. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za uganga wa misioni tumeona vema kuanza na watu ambao hawamo katika hesabu yo yote. Wazee wetu watawakumbuka. Alikuwako mwanamke mmoja, au wawili, waliosikiliza Misa toka nje, chini ya mwembe, upande ule ambao upepo haupeleki harufu kwa watu. Hatukuwafukuza, lakini wala hatukuwaita ndani, na tulipokuwa watoto tulifunzwa kupita mbali nao. Ilisemwa kwamba wamelogwa, au kwamba walizini. Kumbe neno lao lilikuwa moja tu: walishikwa na uchungu wa kuzaa siku tatu au nne, wala hapakuwa na mtu wa kuwasaidia.

Maana ya ugonjwa ndiyo hii. Kibofu cha mkojo kimelala mbele ya njia ya uzazi, nyuma ya mfupa wa kinena. Mtoto asipoweza kupita, ama kwa kuwa nyonga ya mama ni nyembamba, ama kwa kuwa yeye mwenyewe amelala vibaya, kichwa chake hukikandamiza kibofu juu ya mfupa ule saa kwa saa, usiku na mchana, hata damu isipite. Nyama isiyopata damu hufa. Na mara nyingi mtoto naye hufa. Baada ya siku chache nyama ile huoza na kuanguka, pakabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na tangu saa hiyo mkojo hutiririka bila kukoma, mama akiwa amesimama au amelala. Mara nyingine tundu hutokea upande wa nyuma pia, na choo kikapita humo. Waganga huliita tundu hilo fistula, nalo ni neno la Kilatini, maana yake bomba au mwanzi.

Ugonjwa huu ni wa kale sana. Mwaka 1935 Daktari Derry wa Cairo aliandika habari za maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme wa Misri aliyeishi miaka ipatayo 2,000 kabla ya Kristo: nyonga yake nyembamba, na tundu kubwa katika kibofu. Basi hata jumba la kifalme halikumwokoa. Katika karne ya 11 Ibn Sina, tabibu mkuu wa Waislamu, aliandika kwamba msichana aolewaye angali mdogo mno aweza kupasuka kibofu katika kuzaa, na kwamba jambo hilo halina dawa. Huko Ulaya wako waliojaribu kushona tundu hilo tangu karne ya 17, lakini ilikuwa bahati tu mmoja akipona. Nyuzi zilioza, jeraha likafunguka, mkojo ukarudi.

Sasa tumefika penye jambo ambalo hatuwezi kulipita upesi. Katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, alikaa daktari jina lake James Marion Sims. Mwaka 1845 aliletewa wanawake watumwa wenye fistula, naye akajenga nyumba ndogo ya wagonjwa nyuma ya nyumba yake. Majina ya watatu tunayajua, kwani yeye mwenyewe aliyaandika: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa msichana wa miaka ipatayo 17, aliyekuwa amepata uchungu siku tatu. Lucy ndiye aliyekatwa kwanza, mbele ya madaktari kadha wa kadha waliokuja kutazama. Daktari akaacha kipande cha sponji katika kibofu ili kinyonye mkojo, na Lucy akaugua karibu kufa. Dawa ya usingizi ilitangazwa huko Boston mwaka 1846, lakini wanawake hawa hawakupewa, hata katika miaka iliyofuata. Madaktari wenziwe walipochoka na kumwacha, wagonjwa wenyewe ndio waliomsaidia kazi: mmoja amelala mezani, wengine wakimshika. Anarcha alikatwa mara thelathini. Hata mwaka 1849, Sims alipoacha nyuzi za hariri na kutumia waya wa fedha, jeraha lilishika, naye akapona.

Watu wamebishana sana juu ya mambo haya. Wengine husema kwamba wanawake wale walitaka sana kupona, nasi twaamini walitaka. Ni nani asiyetaka? Lakini mtumwa haulizwi. Aliyekubali kwa ajili yao ni bwana wao. Sisi wa pwani na bara hii, ambao babu zetu walishuka njia ya Bagamoyo wakiwa wamefungwa shingo, hatuhitaji kufundishwa tofauti yake. Sims akapata sifa ya dunia. Akahamia New York, na mwaka 1855 ikafunguliwa hospitali ya wanawake, ambayo wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walikuwa maskini waliohama kutoka Ireland. Sanamu yake ilisimama katika bustani kubwa ya mji ule hata mwaka 2018, ilipoondolewa.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani ugonjwa huu ukatoweka hata madaktari wao wengi hawajauona. Hautoweki kwa sindano ya mshonaji, hutoweka kwa mkunga na kwa kupasuliwa tumbo kwa wakati wake. Na hapa twataka kutaja jambo ambalo watu wetu wachache wanalijua. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari wa C.M.S., alikuwa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura. Aliona mganga wa kienyeji akimpasua tumbo mama kijana aliyeshindwa kuzaa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi; kwa pombe hiyo hiyo mganga akaosha mikono yake na tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa pini za chuma, na siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Mama aliishi, na mtoto pia. Felkin aliwasomea madaktari wa Edinburgh habari hiyo mwaka 1884. Basi mtu asiseme kwamba Afrika yote ilikaa ikingoja.

Misioni zetu zilikuwa na kizuizi chao. Kwa miaka mingi sheria ya Kanisa haikuwaruhusu masista wenye nadhiri kufanya kazi ya kuzalisha. Waliuguza vidonda, walilea yatima, walifundisha kushona. Lakini mlango wa chumba cha uzazi ulikuwa umefungwa mbele yao, hali mama wengi wasingekubali kuonwa na mwanamume. Mama Anna Dengel wa Austria alililia jambo hili muda mrefu. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ikatoa barua iitwayo Constans ac Sedula, iliyowapa masista ruhusa ya kujifunza udaktari na ukunga. Mwaka uliofuata Marie Martin, mwanamke wa Ireland, alianzisha huko Nigeria shirika la Masista Waganga wa Maria. Twaona ruhusa ile ilichelewa, na si dhambi kusema hivyo katika mwaka wa Jubilei.

Katika shirika hilo alitoka Sista Ann Ward, aliyeshona fistula Nigeria kwa miaka mingi, na Sista Maura Lynch, ambaye baada ya kazi ya miaka mingi Angola alikuja Uganda mwaka 1987, akafanya kazi katika hospitali ya Kitovu, Jimbo la Masaka. Mwaka 2005 kituo cha fistula kilifunguliwa pale. Alifariki mwaka 2017. Kwetu Tanzania wagonjwa hawa hutibiwa Bugando, hospitali ya Mwanza iliyojengwa na Maaskofu wetu na kufunguliwa mwaka 1971, na pia C.C.B.R.T. Dar es Salaam.

Lakini shule kubwa ya kazi hii ni Addis Ababa. Reginald na Catherine Hamlin, mume na mke, wote waganga, walifika Ethiopia toka Australia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu, nao hawakurudi kwao. Waliwakuta wanawake wa fistula mlangoni, na mwaka 1974 wakawafungulia hospitali yao wenyewe. Bwana Hamlin alikufa mwaka 1993, Mama Catherine mwaka 2020, akiwa na miaka 96. Mmoja wa wagonjwa wao wa kwanza, Mamitu Gashe, hakujua kusoma wala kuandika. Alianza kwa kutandika vitanda, kisha akashika vyombo vya daktari, kisha akafundishwa kushona. Hata madaktari wenye shahada wakaja kujifunza mkononi mwake. Mwaka 1989 chuo cha wapasuaji cha London kiliwapa nishani ya dhahabu, yeye pamoja na wale waliomfundisha.

Kazi yenyewe yataka subira. Mpasuaji hutenga kibofu na njia ya uzazi, kisha hushona kibofu peke yake, pasipo kuvuta nyama. Jeraha likiwa baya huleta kipande cha mafuta toka pembeni, chenye damu yake, akakiweka katikati. Hiyo ni njia ya Martius, Mjerumani, ya mwaka 1928. Kisha mpira huwekwa katika kibofu kwa muda wa majuma mawili hivi, na mama hunywa maji mengi. Wauguzi hutazama mpira huo mchana na usiku, kwa maana ukiziba saa chache tu, kibofu hujaa na kazi yote hupasuka. Tena imeonekana kwamba mama aliyekawia katika uchungu akiwekewa mpira huo mapema, na kukaa nao wiki nne au zaidi, tundu dogo huweza kujifunga lenyewe bila kisu. Wako pia ambao kibofu chao kimekwisha kabisa. Hao wengine hufanyiwa njia mpya, mirija ya figo ikaelekezwa matumboni. John Simon wa London aliijaribu mwaka 1851 kwa mtoto aliyezaliwa na kibofu wazi. Njia hiyo humkausha mgonjwa, lakini figo zaweza kuharibika, hivyo yafaa tu kwa mtu awezaye kurudi kwa daktari maisha yake yote.

Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba wanawake 500,000 wangali na fistula duniani. Matibabu mara nyingi ni bure; linalokosekana ni nauli, na habari. C.C.B.R.T. hutuma nauli kwa simu kwa mtu kijijini aliyemwona mgonjwa, naye humsindikiza mpaka kituo cha basi, akamkatia tikiti, akamchagulia kiti cha dirishani.