Bunduki Inapoishiwa: Tarehe ya Risasi Upande wa Ruiri

Bunduki huishi miaka mingi kuliko risasi yake. Chuma kikitunzwa kwa mafuta hupita kwa babu kikafika kwa mjukuu, lakini kiwanda kikiacha kutengeneza risasi za kipimo chake, kinachobaki mkononi ni rungu zito. Hapa Ruiri, katika Meru, mteremko wa Mlima Kenya unapokwisha na barabara ya Isiolo ikaingia nchi kavu, habari za silaha husimuliwa kwa majina ya bunduki na ya mashujaa walioshika bunduki hizo. Mimi naisimulia tarehe hii kwa upande wa risasi, maana naamini risasi ndiyo iliyoamua mengi.

Nianze kabla serikali haijafika Meru. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels na kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake. Gobori la kushindilia kwa mbele liliruhusiwa kwa masharti, ila bunduki ya kutia risasi kwa nyuma ilikatazwa. Walioandika mkataba walijua walichokuwa wakikifanya. Gobori halichagui: ukikosa risasi utashindilia kipande cha chuma, hata kokoto. Bunduki ya kutia nyuma ina kipimo chake, na nje ya kipimo hicho haisemi.

Risasi ya namna hiyo ni vitu vinne katika kimoja: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Mhunzi anayejua kazi humimina kichwa katika kalibu. Ganda lililokwisha kutumika huokotwa na kunyooshwa. Baruti nyeusi ilikuwa ikisagwa kwa mikono tangu zamani. Lakini fataki, kile kidude kidogo kuliko kifungo cha shati, huwezi kukifua kwa nyundo. Huko ndiko viwanda vya Ulaya vilikoshikilia kamba, na ndiyo maana watu walizihifadhi fataki kuliko baruti yenyewe.

Wakubwa wenyewe waliwaogopa wahunzi hao. Bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilikuwa imekwisha kuzagaa India na Sudan, mikononi mwa watu ambao serikali isingependa wawe nayo. Wawindaji nao walikuwa wakiingia na bunduki mpya za tembo za kipimo cha .450. Hofu ikawa kwamba mtu atang'oa kichwa katika risasi ya mwindaji, akakipandikiza katika ganda kuukuu la Martini, na bunduki iliyohesabiwa kuwa imekufa ikafufuka. Basi karibu na mwaka 1907 kipimo cha .450 kikapigwa marufuku India na Sudan. Mafundi wa London na Birmingham wakalazimika kubuni vipimo vingine, .465, .470, .475. Kwa miaka mingi wazungu wa safari waliopita Nanyuki na Isiolo walijivunia .470 zao, nami kila nikiisoma habari hiyo humkumbuka mhunzi asiyejulikana jina ambaye kwa ajili yake kipimo hicho kilizaliwa.

Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alifungua kituo cha serikali Meru. Wakati huo kaskazini yetu, upande wa Ethiopia, kulikuwa na bunduki nyingine kabisa: Gras ya Ufaransa, ya mwaka 1874, yenye mdomo wa milimita 11. Wafaransa walipoiacha na kuchukua Lebel mwaka 1886, Gras zilimiminika kupitia Djibouti. Zilikuwamo vitani Adwa mwaka 1896, kisha zikateremka hadi mpakani mikononi mwa majangili wa pembe za ndovu. Risasi yake ilithaminiwa mpaka Ethiopia ikatumika sokoni kama chenji. Kwa kuwa ilitumia baruti nyeusi, isiyo na nguvu ya kutisha, iliwasamehe waliojaza maganda upya.

Risasi ya .303 ya Waingereza haikusamehe. Tangu miaka ya 1890 iliachana na baruti nyeusi ikatumia kodaiti, na msukumo wake ndani ya mtutu hupita tani 18 kwa kila inchi ya mraba. Kumbuka kiasi hicho, kwa maana kinatupeleka msituni.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walioingia misitu ya Mlima Kenya, wakiwemo wa Meru chini ya Musa Mwariama na Baimungi, walikuwa wengi na bunduki za kiwandani zilikuwa chache mno. Wahunzi wakashika kazi. Walichukua bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa nyundo ya kugonga fataki, vipande vya mpira wa tairi vikawa springi, na mti ukachongwa kitako. Maafisa wa kikoloni waliziandika bunduki hizo kwa dharau. Mimi naona vingine. Fundi aliyefanya kazi chini ya mianzi, katika baridi, akisikia ndege za kivita juu yake, akapata mtutu uliopokea risasi ya serikali, alistahili heshima ya bingwa. Lakini bomba la maji halikutengenezwa kwa tani 18. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka na kumjeruhi aliyezishika, na bado kesho yake mwingine alijitolea kushika.

Bunduki, basi, msitu uliweza kuzizaa. Risasi haukuweza. Kila moja ilipaswa kutoka nje: kwa askari aliyekubali kuuza, kwa wanawake waliozificha wakazipitisha vizuizini, au kwa kuvamia, kama kituo cha polisi cha Naivasha kilivyovamiwa tarehe 26 Machi 1953. Serikali ililielewa hilo, ikaweka adhabu ya kifo kwa kukutwa na silaha au risasi. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la KAR, alikamatwa Januari 1954, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kukutwa na risasi mbili. Alihukumiwa kunyongwa, kisha akapunguziwa. Dedan Kimathi, kiongozi mwenzake wa msituni, alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na bastola ya .38 na risasi sita. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Walionyongwa katika miaka ile walizidi 1,000, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu: mamia walikutwa tu na chuma au risasi. Mwariama hakukamatwa. Alitoka msituni uhuru ulipofika, Desemba 1963.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Vita vya shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, viliiletea jirani yetu, Isiolo, bunduki kuukuu za Kiitalia na za Kiingereza. Mei 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini, na bunduki za tembo zikanyamaza, wakati viwanda vya Uingereza navyo vilikuwa vimekwisha kuacha kutengeneza risasi zao. Leo wenye kukusanya silaha za kale huko Ulaya na Marekani huunda maganda ya Martini kutokana na maganda ya shaba ya bunduki za marisau, kwa leseni na kwa starehe.

Kwetu .303 iliendelea kufanya kazi. Katika nchi ya wizi wa mifugo, polisi wa akiba walipewa .303 na G3 walinde ng'ombe na nyumba. Bunduki mbili hizo hazibadilishani risasi hata moja, na kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichoanzishwa miaka ya 1990, kilijengwa kwa ajili ya risasi za kisasa, 7.62 ya G3 ikiwemo. Mlinzi mwenye .303 akawa anategemea akiba inayopungua. Mwaka 2019 serikali ilikusanya bunduki za polisi wa akiba katika kaunti kadhaa. Mwaka 2023, mashambulizi yalipozidi kaskazini, ikawarudisha baadhi yao. Mhunzi naye hawezi tena kuziba pengo hilo kihalali: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kutengeneza risasi bila leseni, na cheti cha bunduki humwekea mwenye nacho kiwango cha risasi anazoweza kununua na kuwa nazo.