Usahihi wa vipimo vya kingamwili za VVU

Vipimo vya kingamwili za VVU havitafuti virusi vyenyewe, bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya kuambukizwa. Usahihi wake hupimwa kwa sifa mbili: unyeti, yaani uwezo wa kuwanasa walioambukizwa, na umahususi, yaani uwezo wa kutowagusa wasioambukizwa.

Historia

Kipimo cha kwanza cha aina hii, ELISA ya maabara, kiliidhinishwa Marekani Machi 1985 ili kulinda damu ya kuongezewa wagonjwa. Kwa kazi hiyo unyeti ulitangulizwa, na ilikuwa haki: chupa ya damu salama ikimwagwa kimakosa, hasara ni chupa. Lakini mtu akiambiwa kimakosa kuwa ana VVU, nyumba huvunjika. Kwa hiyo kipimo kingine cha maabara, Western blot, kilitumika kuthibitisha majibu. Baadaye vikaja vitepe vya damu ya kidole.

Tathmini

Kipimo kipya hujaribiwa kwa sampuli ambazo hali yake imekwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine, na anayesoma majibu hajui ipi ni ipi. Shirika la Afya Duniani hutaka kitepe kiwe na unyeti usiopungua asilimia 99 na umahususi usiopungua 98.

Viwango hivyo ni vya juu, lakini havitoshi. Chukua watu 10,000 mahali ambapo mmoja kati ya 100 ana VVU. Kitepe kitawanasa 99 kati ya 100 walioambukizwa. Kati ya 9,900 wasio na virusi, 198 watasomeka chanya bure. Hivyo katika kila watu watatu wenye majibu chanya, wawili ni wazima. Kitepe hichohicho, pale penye maambukizi ya asilimia 20, hutoa chanya 1,980 za kweli na 160 tu za uongo.

Hii ndiyo sababu kipimo kimoja hakimtangazii mtu kuwa ana VVU. Tanzania ilizoea kuanza na kitepe cha SD Bioline, kisha kile cha Uni-Gold kwa waliosomeka chanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vitatu mfululizo viafikiane, na Western blot iachwe.

Kipindi cha dirisha

Katika wiki za mwanzo kingamwili hazijatosha kuonekana, hivyo aliyeambukizwa husomeka hasi.

Watoto

Watoto wa chini ya miezi 18 huweza kubeba kingamwili za mama. Kwa hiyo hupimwa kwa PCR, inayotafuta virusi vyenyewe.

Usomaji

Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kitepe kimefanya kazi, usipotokea, majibu ni batili hata kama mstari wa mpimwaji umekolea. Mstari wa mpimwaji ukiwa hafifu, bado ni chanya, mradi umesomwa ndani ya dakika zilizoelekezwa; kitepe kilichosahauliwa mezani huweza kuchora mstari wa uongo.