Haluli iliyosubiri karibu miaka tisini

Kewanja ni kijiji cha wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mjamzito wa huko akipandwa na presha kali, safari inamngoja: kwenda Tarime mjini, au kuvuka Mto Mara kuelekea Mugumu upande wa Serengeti, au Musoma, na hali ikizidi kuwa mbaya, Bugando kule Mwanza. Utafiti wa zaidi ya karne moja kuhusu kifafa cha mimba umetoa jibu la nini afanyiwe kabla gari halijaondoka. Jibu lenyewe lilichelewa mno, na si kwa sababu dawa ilikosekana.

Kwa kawaida kifafa cha mimba hakiingii bila kubisha hodi. Baada ya wiki ya 20 presha hufika 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni hatari kubwa: ubongo, ini na figo vyote vimo mashakani, na degedege laweza kuanza wakati wowote. Chanzo kinahusishwa na kondo la nyuma, ndiyo maana tiba ya mwisho hadi leo ni mtoto na kondo kutoka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mama anayetupwa na degedege amedhaniwa ana mashetani au amerogwa, na saa za thamani zimepotea kwa mganga. Tusiwacheke wazee. Hata madaktari wa Ulaya walitangatanga muda mrefu.

Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alichemsha mikojo ya wajawazito wenye degedege akaona ina protini. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akatengeneza kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Kliniki ya wajawazito unayoijua leo, ya kufungwa mkono na kutoa mkojo, imesimama juu ya mambo hayo mawili. Tiba ndiyo iliyokuwa kizungumkuti. Huko Urusi daktari Stroganoff alisifika kwa kuwalaza wagonjwa katika chumba chenye giza na ukimya, huku akiwapa mofini.

Dawa iliyokuja kushinda ni magnesiamu salfeti, yaani haluli ileile ambayo babu zetu waliinywa kusafisha tumbo. Ilijaribiwa Ujerumani mwaka 1906 kwa kudungwa kwenye uti wa mgongo. Miaka ya 1920 Wamarekani wakaitia kwenye mshipa na kwenye msuli, na kuanzia miaka ya 1950 Jack Pritchard wa Dallas akaipangia utaratibu: gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa nne, huku muuguzi akigonga goti, akihesabu pumzi na kupima mkojo, maana ikizidi huzuia kupumua. Mkunga yeyote aliyefanya kazi wodi ya wazazi nchini anaujua utaratibu huo.

Uingereza haikushawishika. Madaktari wake waliiona dawa ya kulegeza misuli tu, wakashikilia diazepamu na fenitoini. Kwa maoni yangu, pesa nayo ilichangia. Haluli haina mwenye hataza, na kitu kisicho na faida hakipati kampuni ya kukigharimia utafiti.

Ubishi ulikatwa mwaka 1995, na waliokata ni wanawake wa nchi maskini. Utafiti ulioratibiwa kutoka Oxford uliwahusisha wagonjwa 1,680 katika nchi za Afrika, Amerika ya Kusini na India, Uganda ikiwa mojawapo. Waliopewa magnesiamu walipungukiwa na degedege la kujirudia kwa asilimia 52 kulinganisha na diazepamu, na asilimia 67 kulinganisha na fenitoini. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie, wenye wanawake 10,141 kutoka nchi 33, ukathibitisha kwamba dawa hiyo ikitolewa kabla degedege halijaanza hupunguza hatari yake kwa asilimia 58.

Kanda ya Ziwa nayo ina takwimu zake. Watafiti wa Bugando walichapisha mwaka 2012 kwamba kati ya wanawake 5,562 waliojifungulia hapo, 76 walikuwa na kifafa cha mimba, na sita kati yao walikufa. Bugando ni hospitali ya rufaa, hupokea waliozidiwa. Lakini wengi wa waliozidiwa walitoka mahali fulani, kwenye zahanati fulani.

Kinga pia imesogea. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa India: kalsiamu miligramu 500 kwa siku ilizuia presha ya mimba karibu sawa na miligramu 1,500. Dar es Salaam waliopata tatizo walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa. Kuhusu kujifungua kabla ya wakati, matokeo ya Dar hayakutoa uhakika kama huo. Hata hivyo, kwa serikali inayonunua vidonge, theluthi ya dozi ni habari kubwa.

Kwa Kewanja, la maana kuliko yote ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2011: kituo kisichoweza kumaliza tiba kimpe mama dozi ya kwanza ya magnesiamu, kisha kimpeleke mbele mara moja. Zahanati isiyo na mashine ya presha inayofanya kazi, vijiti vya kupimia mkojo, magnesiamu na kalsiamu glukoneti ya kuipinga magnesiamu ikizidi, haijafikiwa na matunda ya utafiti huu wote, hata ikiwa na jengo zuri.

Nawe mama, usiondoke kliniki bila kupimwa presha na kuona imeandikwa kwenye kadi yako. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, au ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kulia, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kituoni siku hiyohiyo, usiku au mchana.